Mlango wa Dakika Sitini

Jiwe lilikuwa limekaa vizuri mno, na hilo ndilo lililomuudhi Inspekta Nzembi.

Lilikuwa jiwe la kujengea la kawaida tu, la ukubwa wa mkate, nalo lilikuwa kwenye kizingiti cha chumba cha ushonaji, ghorofa ya tatu ya Jumba la Mikuyu, nyuma ya River Road. Siku tano zilikuwa zimepita tangu moto. Harufu ilikuwa bado imeganda kwenye kuta, na wenye maduka ya chini walikuwa wamekwisha fungua biashara, maana kodi ya Nairobi haingoji matanga.

"Hili hapa," Lenox alisema, akilinyooshea kidole. Kampuni yake ndiyo iliyoweka milango ya kuzuia moto katika jengo zima, na alikuwa amekuja na faili kwapani bila kuitwa. "Fire door ikishikiliwa na jiwe si mlango tena, Madam, ni pambo. Huyo watchman alikuwa anaiacha wazi kila siku. Uliza mtu yeyote."

Nzembi alikuwa ameuliza. Ni kweli kwamba Were, mlinzi wa getini, aliuegemezea mlango huo jiwe kila marobota ya vitambaa yalipopandishwa. Ni kweli pia kwamba wanawake wanne walikufa humu ndani asubuhi ile, na wa kwanza kutambuliwa alikuwa mwenye cherehani za chumba hicho, Peres, dada ya mke wa Were. Kesho saa tatu asubuhi Were angesomewa mashtaka ya kuua bila kukusudia. Tangu akamatwe hakuwa amejitetea hata kwa neno moja. Ukimuuliza kama mlango ulikuwa wazi, anatazama sakafu.

Nzomo, mkuu wa kituo, alikuwa ameridhika na kimya hicho. Alikuwa na rekodi ya simu mezani: moto ulipokuwa ukiwaka, simu ya Were ilikuwa imeunganishwa na ya Peres kwa dakika kumi na tatu. "Jumba linaungua, yeye anapiga soga na shemeji yake," Nzomo alikuwa amesema asubuhi hiyo. "Unataka ushahidi gani tena, Nzembi?"

Nzembi alitaka kuiona sakafu ambayo Were alikuwa akiitazama. Alivaa glavu, akachuchumaa, akalipindua jiwe. Upande wa chini ulikuwa safi, wa kijivu, kama limetoka machimboni jana. Sakafu iliyokuwa chini yake ilikuwa nyeusi tititi.

"Bwana Lenox, moto ulipowaka jiwe hili lilikuwa wapi?"

"Si lilikuwa hapo hapo?"

"Basi masizi haya yalipita wapi yakafika chini yake?"

Lenox alikohoa. "Labda fire brigade walilisukuma na maji."

Jibu halikuwa baya. Nzembi aliinuka, akatembea kando ya ukuta wa ukumbi akiwa ameinamisha tochi. Hatua ya sita alisimama. Pale sakafuni, chini ya ukuta, katikati ya weusi wote ule, palikuwa na alama moja safi ya ukubwa wa mkate. Alilileta jiwe akaliteremsha juu yake polepole. Lilienea sawasawa, hadi ile kona yake iliyomeguka.

"Maji yanasukuma," alisema. "Hayabebi jiwe hatua sita na kulipanga katikati ya mlango. Nani amepanda huku tangu moto?"

"Watu wengi. Watu wa insurance…"

"Na wewe. Daftari la askari wetu wa chini linasema uliingia Ijumaa saa mbili asubuhi, kupima mlango."

"Nilipima mlango."

"Mlango gani? Umebaki?"

Lenox alifungua faili kwa haraka ya mtu anayejua alichokuja nacho. "Madam, mimi nauza usalama. Cheti hiki hapa. Mlango umejaribiwa kwa tanuri, dakika sitini. Si ya kughushiwa River Road hii. Genuine. Pigia maabara uwaulize."

"Nitaenda mwenyewe," Nzembi alisema, akakichukua. Simu ya Lenox ikalia kwa bahati njema, naye akateremka ngazi akiongea.

Alipobaki peke yake Nzembi alirudi kizingitini, akaona kile ambacho angekiona siku ya kwanza kama watu wangeacha kumwonyesha mawe. Kutoka fremu hii hadi fremu ile, sakafu ilikuwa na mstari mmoja safi, upana wa vidole vitatu. Ni unene wa mlango. Akamulika kwenye tundu la kitasa upande wa fremu: ulimi wa chuma ulikuwa bado mle ndani, umekwama. Mlango haukuwa umeachwa wazi. Ulikuwa umefungwa, tena umefungwa vizuri, na uliungua ukiwa mahali pake.

Basi zile dakika sitini zilikwenda wapi? Wazimamoto waliingia ghorofa hii dakika ya thelathini na tano. Hawakukuta mlango, wala mtu wa kuokoa.

Kilichosalia kilikuwa chini, upande wa ndani. Wale wanawake walikuwa wamechukua ndoo ya maji ya kunyunyizia nguo za pasi, wakalowesha vitenge na kuvisokomeza chini ya mlango. Vitenge viliungua juu vikabaki chini, na vilipobaki vilikikinga kipande cha mlango, kama shubiri moja kwenda juu. Pembeni mwake palikuwa na kibati cha shaba chenye namba. Nzembi alikitia kipande kile mfukoni mwa ushahidi, akateremka akisoma vibati vya milango mingine. Ghorofa ya pili, ya kwanza, ya chini. Namba ilikuwa ile ile.

*

Maabara ilikuwa upande wa Dagoretti, mwendo mfupi kutoka machinjioni. Mhandisi wake aliitwa Avni, mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli la bluu lenye matundu ya cheche. Alikisoma cheti mara moja tu.

"Ni ya ukweli. Hiyo sahihi ni yangu."

Nzembi alihisi siku yake ikimponyoka. "Kwa hivyo mlango ulikuwa mzuri."

"Mzuri sana. Kuja uone."

Walipita tanuri kubwa la matofali, wakaingia kwenye banda. Milango iliyoungua ilikuwa imetundikwa humo kwa kulabu, safu baada ya safu, kama nyama buchani. Avni aliushika mmoja uliokuwa kaa tupu upande mmoja, na upande wa pili rangi yake ya maziwa ilikuwa imekolea kidogo tu.

"Huyu ndiye mlango ya Lenox. Tulifunga kwa tanuri na fremu yake, bawaba zake, kitasa yake, tukawasha. Dakika sitini na nne kabla moto utoboe. Nilifurahi, unajua? Sioni kazi safi namna hii kila siku."

"Kwa hivyo mlango uliofaulu ndio huu."

"Ndio huyu. Marehemu." Avni aliugonga kwa kidole, nao ukajibu kwa sauti nzito. "Watu hawaelewi hapo. Mlango ikifaulu kwangu haiendi kwa nyumba ya mtu, imeungua. Cheti inasema huyu aliyekufa alikuwa mzuri. Haisemi kitu juu ya wale wamebaki kwa duka."

"Sasa mnunuzi atajuaje?"

"Hapo ndipo certification inaingia. Kupima ni kitu moja, kuidhinisha ni kitu ingine. Tukiidhinisha, tunaenda kwa workshop bila kuwaambia, tunachukua mlango yoyote, tunapasua. Tunaangalia kama mbao ni ile, na kama utepe mweusi iko, ile inafura ikipata joto, inaziba nafasi moshi isipite. Tunarudi mwaka ujao, na mwaka ule mwingine. Hapo ndiyo kila mlango inapewa kibati na namba yake. Yake peke yake."

Nzembi alimpa kile kibati cha shaba. Avni alikisoma, kisha akaugeuza ule mlango wa kulabuni na kumwonyesha namba iliyochongwa pembeni yake kwa patasi. Zilikuwa sawa.

"Hii ni namba ya marehemu," Avni alisema. "Mmeitoa wapi?"

"Jumba la Mikuyu. Nimesoma milango tisa, yote ina namba hiyo. Lenox aliweka thelathini na sita."

Avni aliuachia ule mlango, ukabembea kwenye kulabu yake. "Tulimwandikia mara tatu atuonyeshe workshop. Kila mara anasema fundi amesafiri. Tukafunga faili. Sisi si polisi, Inspector, hatuwezi kuingia kwa mtu na nguvu."

"Hamkumwambia mwenye jengo?"

"Hakuuliza. Mwenye jengo anataka karatasi ya kuonyesha mkaguzi, na mkaguzi anataka kuona karatasi. Wote walipata." Aliona aibu aliposema hivyo, na hakuificha.

Alikiweka kipande cha shubiri moja mezani, akakipasua kwa msumeno mdogo. Ulipita bila kelele, kama unakata mkate. Ndani hamkuwa na mbao. Mlikuwa na boksi, karatasi ile ya mawimbimawimbi, imekunjwa mara tatu na kupangwa safu kati ya vipande viwili vya plaiwudi. Wala hapakuwa na utepe wowote mweusi pembeni. Boksi lilikuwa na matundu ya mviringo ya ukubwa wa sarafu, na kwenye kunjo moja ambalo moto haukufika palikuwa na picha ya kichwa cha kifaranga, mdomo wazi.

"Hili ni boksi la vifaranga vya siku moja," Nzembi alisema. Mama yake kule Machakos aliyaleta nyumbani kila Januari. "Matundu ni ya kuwapa hewa."

"Moto pia inataka hewa," Avni alisema. "Hii ingesimama dakika kumi na mbili. Tuseme kumi na tatu, ikiwa na bahati. Hata hii tusingepata kuiona. Imebaki sababu mtu aliweka kitambaa na maji."

Katika faili ya jaribio palikuwa na jina la aliyeuleta ule mlango mzuri kwa mkokoteni: Wesonga, fundi, Ngong Road, mkabala wa Woodley.

*

Mbele ya karakana palikuwa na vitanda na sofa zinazong'aa juani. Nyuma, nyuma ya randa na vumbi la mbao, kuku walikuwa wakilia.

"Sasa, fundi."

"Poa, madam. Tukuangalizie kiti ama kitanda?"

"Mlango," Nzembi alisema, akaonyesha kitambulisho chake.

Wesonga alikuwa mwanamume mpana mwenye penseli sikioni. Alipoonyeshwa picha ya mlango wa kulabuni uso wake ulichangamka, kama mzazi aliyeonyeshwa picha ya mtoto aliyemaliza shule. "Huyo ni wangu. Siku kumi na mbili nilimkalia. Mbao ngumu mpaka msumeno ulilia. Ndani niliweka ile board nzito Lenox alileta, na ule utepe nilichimbia mfereji na mkono, si mashine. Lenox aliniambia, fundi, hii ni sampuli, nitolee kitu safi."

"Na ile thelathini na sita?"

"Hiyo ilikuwa oda."

Alisema hivyo tu, na Ngong Road neno hilo halihitaji maelezo. Sofa iliyowekwa kando ya barabara imetengenezwa kwa moyo. Itakayoletwa kwako itatengenezwa kwa siku zilizobaki. Sote tunajua, nasi hununua vivyo hivyo, kwa sababu kiti kibovu kitakusema siku ya kwanza ukikikalia. Mlango wa moto hukalii. Utaufungua na kuufunga miaka kumi ukidhani una mlango.

"Uliijaza na nini?"

Wesonga alitazama nyuma, kule kwenye kuku. Maboksi yalikuwa yamerundikwa hadi darini, kila moja na kifaranga chake. "Lenox alisema niweke chochote, bora ukigonga isilie tupu. Mama watoto anafuga. Boksi ziko."

"Alikuambia ni milango ya wapi?"

"Ya stoo."

"Nawe ukaamini."

Alitoa penseli sikioni, akairudisha. "Siku alikuja kubeba, niliona vibati kwa gari yake. Vile vya shaba. Nikajua." Sauti ilishuka. "Nilijua, madam, na sikuuliza. Nikasema yeye ndiye mwenye kampuni, mimi ni fundi tu. Kwani iliwekwa wapi?"

"Mikuyu."

Msumeno wa jirani ulikuwa ukinguruma nyuma ya ukuta. Wesonga aliketi juu ya sofa yake mwenyewe, ile safi ya barabarani, na vumbi lote la suruali.

"Kwa akina Peres," alisema. "Peres anaimba kwaya na bibi yangu. Jumapili tulichanga ya mazishi. Mimi ndiye nilikuwa natengeneza jeneza."

Nzembi alimhurumia, akakasirika kwa kumhurumia. Alitoa karatasi. "Andika yote, kuanzia sampuli. Tarehe, na alivyokuambia, maneno yake yenyewe. Kisha tutaenda wote."

Wesonga aliandika kwa penseli ya mbao, kwa mwandiko mzuri wa kushangaza.

*

Saa tisa alasiri konstebo wawili walimtoa Lenox ofisini mwake. Aliomba wakili, akaomba maji, kisha akauliza ni nani aliyeligusa jiwe. Nzomo alisoma taarifa ya fundi na ripoti ya Avni akiwa amesimama, akapiga mhuri. Hakumtazama Nzembi usoni. "Basi mlinzi atoke," alisema. "Hakuna haja ya kungoja kesho."

Nzembi aliteremka seli mwenyewe. Kwa siku tano alikuwa ameibeba kazi hii ili amwambie mtu huyu maneno haya, na alitembea haraka. Were alikuwa kwenye benchi la saruji, koti la kampuni ya ulinzi limekunjwa magotini.

"Mzee Were, unaenda nyumbani. Mlango ulikuwa umefungwa. Jiwe liliwekwa pale baadaye, na aliyeliweka tunaye."

Kwa mara ya kwanza Were aliinua kichwa. "Ulikuwa umefungwa?"

"Na kitasa kimeingia. Hukuacha wazi."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari ya msiba mwingine. "Madam, andika niliacha wazi."

"Nini?"

"Andika hivyo. Nitatia sahihi."

Nzembi aliketi kwenye ncha ya lile benchi. Askari wa zamu alikuja na funguo, naye akamwashiria arudi. "Kwa siku tano nimekungojea useme hukuacha wazi. Sasa nimekuthibitishia, unakataa. Kwa nini?"

"Sikuwa najua." Were alizungumza polepole, akilikunja koti. "Mimi nilikuwa getini. Nilijiambia labda kuna mtu alitoka akauacha wazi. Labda ni mimi nilisahau lile jiwe. Nikisema ni jiwe, basi mlango ulikuwa sawa na makosa ni ya jiwe. Nilikuwa naomba Mungu iwe jiwe."

"Mlango haukuwa sawa. Ulikuwa boksi ndani. Lenox aliwadanganya wote, na wewe pia."

"Alinifundisha yeye mwenyewe. Siku nzima. Aliniambia, Were, wewe ndiye captain wa moto hapa, soma hiki kibati, FD sitini, maana yake saa nzima. Hata mimi alinipa cheti. Nimekitundika kwa nyumba."

Nzembi alikumbuka rekodi ya simu iliyokuwa juu ya meza ya Nzomo. "Zile dakika kumi na tatu. Mlikuwa mnaongea nini na Peres?"

Were alilikunjua koti, akalikunja upya.

"Ngazi ilikuwa moshi tupu, sikuweza kupanda. Nikampigia. Alikuwa dirisha la nyuma, lile halina grili. Chini kuna paa la mabati la hoteli. Akaniambia, shemeji, sisi tunaruka. Nikamwambia, wewe Peres, usiruke, utavunja miguu bure. Rudi. Fungeni mlango, loweka vitambaa weka chini, laleni, mngoje fire brigade. Mko na saa nzima. Wale wengine walikuwa wanalia, wanataka dirisha. Yeye ndiye aliwarudisha."

Paa lile Nzembi alikuwa ameliona. Mtu angevunjika mguu, pengine mkono.

"Ulisimama dakika ngapi?" Were aliuliza. "Huo mlango."

Nzembi alikuwa amewahi kuwadanganya mahabusu wengi, kwa sababu nzuri na kwa sababu mbaya. Huyu hakuweza. "Kumi na tatu."

Were aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameijua hesabu hiyo tangu siku ya kwanza.

"Kila mara alikuwa ananiuliza zimebaki ngapi. Iko saa kubwa ya ukuta pale getini, nilikuwa nasimama mbele yake namhesabia. Zimebaki hamsini na tano. Zimebaki hamsini."

"Na mara ya mwisho?"

"Nilimwambia zimebaki arobaini na saba," Were alisema. "Akaniambia, asante, shemeji."